Jina ya Kaka Juu ya Mutoto Wetu

Walikale, kwenye kambi ya wapasua mbao

Mama wa mutoto wetu,

Leo sikukuita Mama Faustin vile nimezoea. Mukono ilikataa, usinihukumu. Habari ya mwili wako? Ile mugongo imekuachia kidogo? Mama yangu anakula, na mutoto amepona kikohozi? Mimi niko muzima kwa neema ya Mungu, mvua tu inatuchapa, na mabega yamechubuka kwa kubeba mbao mpaka barabarani.

Ujumbe wako umenifikia. Motari, yule wa pikipiki mwenye anatuleteaka chumvi, alinieleza yote: kaka yangu Faustin ameuzisha shamba ya kilimani ya marehemu baba, ng'ombe za tajiri mwenye ameinunua zimeingia katika maharagi yako mbele ya kukomaa, na sasa unataka padri abadilishe jina ya mutoto siku ya ubatizo. Eti ukimuita mutoto wako, mulomo inakuwa chungu. Hata yangu, mama. Huku wenzangu wananiita Papa Faustin tangu asubuhi. Niliwaomba waniite Deo tu. Wakacheka, wakasema tangu lini mutu anakataa mutoto wake. Nikarudia kushika musumeno.

Unakumbuka vile tulichagua jina ile? Haikukuwa mapendo. Baba alikuwa amekufa, shamba ilibaki mukononi mwa kaka sababu yeye njo mukubwa, na mimi nilikuwa ninatafuta njia ya kuja huku. Wewe ulikuwa na mimba, ukasema: tumupatie mutoto jina ya kaka yako, hatathubutu kumukosesha pa kulima, maana kwetu mutu na majina yake, yule mwenye wanaitwa jina moja, ni mutu mumoja. Nikaona uko na akili. Na kaka alifurahi kweli. Alileta kuku ya muzazi, akabeba mutoto mpaka kilimani, akamuwekea udongo katika kiganja, akasema mbele ya majirani: "Majina yangu, hapa njo kwako." Nililia siku ile. Leo yale machozi inaniletea haya.

Na hakutuambia hata neno. Ulijua kwa kuona ng'ombe.

Nilikuwa nimeshakata shauri kukuandikia: badilisha, umupatie jina ya baba yako. Lakini Jumapili, ulipopanda nyuma ya nyumba kutafuta rezo ya simu, mbele ya simu kukatika nilisikia mama yangu nyuma yako anauliza nani amevunja kikombe. Mutoto akajibu: "Ni mimi, Faustin." Bila kujificha, bila kusema ni kuku njo amekivunja. Nilibaki na simu kwa sikio, wenzangu wakafikiri nimepata habari ya kifo.

Kaka ni mutu muzima na hajawahi kusema "ni mimi". Yule mudogo amesema. Sasa tumunyanganye jina yake sababu ya mwingine? Shamba tumepoteza, na mimi sioni namna itarudi, njia yenyewe ya kurudi nyumbani imefungwa na vita. Jina, hapana. Hiyo kaka hatamuuzishia mutu.

Sikiliza basi. Parrain, baba wa ubatizo, atakuwa kaka yako, si kaka yangu. Lakini umualike, umukalishe kwa banc ya mbele, umusalimie kwa heshima yote. Padri aseme Faustin kwa sauti kubwa, kanisa yote isikie. Halafu uangalie vizuri ni nani kati ya wale wawili atainua kichwa, na uniambie.

Unisalimie mama yangu, umuambie sijamukasirikia, najua yeye ni muzazi wa wote wawili. Unisalimie kaka yako mwenye amekukatia kipande cha kupanda muhogo, na jirani wa chini mwenye alishuhudia ule udongo. Yeye asisahau alichosikia. Kaka yangu, yeye usimupelekee salamu. Na mutoto umuambie kikombe nitanunua ingine.

Bwana yako, mwenye anakukosa sana,

Papa Faustin