Chupa Uliyoomba Siitumi

Chiungutwa, Masasi
9 Oktoba

Mwanangu Swaumu, Mama Lukmani,

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana kila nikikufikiria nakuona umesimama tu, mkono mmoja kwenye sufuria na mwingine kwa mtoto. Hujambo mwanangu? Mgongo uliokuwa unakusumbua umetulia? Mkwe wangu Abdulrazaki hajambo na kazi zake? Mfikishie salamu zangu kwa heshima. Bi Sijaona, mama mkwe wako, mwambie nampa shikamoo nyingi, na miguu yake naiombea nafuu. Wifi yako Happiness na ujauzito wake, mwambie asibebe ndoo nzito. Somoe mdogo, mke mwenzangu, mpe busu mashavu yote mawili asije akalia kwamba moja limesahauliwa. Na mume wangu Lukmani msalimie peke yake, tena mwambie bibi amemsalimia wa mwisho kwa kuwa ndiye mkubwa wa nyumba yangu.

Ukiuliza habari za huku, mimi ni mzima wa kutembea. Kaka yako Nasibu bado yuko Tunduru, husema atakuja, hasemi lini. Korosho zimeanza kudondoka na mwaka huu naokota mwenyewe. Jirani yangu Mama Huruma hupita asubuhi kunichungulia, ananiambia amekuja kuangalia kama Mmakonde amekufa arithi kuku. Unamjua Myao yule na utani wake. Asipopita, siku inaweza kuisha sijamwambia mtu neno.

Barua hii namkabidhi Mwalimu Grace anayekuja Newala kumwona dada yake. Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Soma tu, utafika.

Ujumbe wako niliupata. Uliandika kwamba Lukmani halali vizuri, jino la chini nyuma lina tundu, na ukaniomba nikukamulie mafuta ya maganda ya korosho nikutilie kwenye kichupa, kama tunavyofanya huku jino likiuma. Ukasema nisipotuma, Bi Sijaona ameshaweka maganda pembeni, atakamua mwenyewe.

Mwanangu, chupa siitumi. Na kama Bi Sijaona ameshakamua, kayamwage, ila kwa adabu. Mwambie mama amekataza, lawama ije kwangu.

Najua utasema mama naye ameanza uzungu. Lakini hebu fikiri mwenyewe. Wewe umebangua korosho na mimi tangu hujui kufunga kanga. Tunajipaka majivu mikononi mafuta yale yasitule, na bado ngozi inachubuka kama ya nyoka. Halafu mafuta hayo hayo tunachovya pamba tunatia mdomoni, kwenye nyama laini, kwa kuwa tumeambiwa yanaua mdudu wa jino. Mdudu hayupo. Nimeambiwa hivyo na daktari wa meno wa Masasi, binti mmoja anaitwa Agatha, kwao Lupaso. Kinachotoboa jino ni sukari na mabaki ya chakula yanayolala mdomoni, yanachacha, yanakula jino pole pole. Na maumivu yakitulia baada ya mafuta, jino halikupona, limeunguzwa tu. Ubovu unaendelea chini kwa chini, na mafuta yakitiririka yanachoma ufizi na kila yanapopita.

Nilipopata ujumbe wako sikungoja. Nilipanda bodaboda mpaka Masasi kumwuliza yule binti habari za mume wangu. Akaniuliza umri, nikasema miaka minane. Akauliza ni jino lipi, nikamwonyesha kwa kidole juu ya shavu langu. Nikamwambia na wewe ulivyoandika, kwamba ni la utoto, litang'oka lenyewe. Akatikisa kichwa. Akasema gego lile la nyuma linaota mtoto akifika miaka sita hivi, linaota kimya kimya nyuma ya meno ya utoto, halisukumi jino lolote litoke, ndiyo maana wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Lile halina mbadala, Swaumu. Likiondoka limeondoka mpaka atakapokuwa babu.

Kwa hiyo mpeleke hospitali hapo Newala, kwa daktari wa meno, usingoje wiki iishe. Tundu likiwa halijafika kwenye mshipa, wanakwangua ubovu na kuziba siku hiyo hiyo. Likiwa limefika, wanaweza kusafisha ndani mpaka kwenye mizizi kisha wazibe, hiyo huchukua safari zaidi ya moja, usichoke. Kung'oa ni pale ambapo haliokoleki tena. Shavu likivimba au akipata homa, mpeleke saa ile ile. Wanapiga sindano ya ganzi kwanza. Mwambie mume wangu inauma kama siafu mmoja tu, na mwanamume aliyetoka jandoni hawezi kumwogopa siafu. Usimtishe na koleo wala kumwambia akikorofisha atang'olewa. Agatha anasema watoto wengi wanaogopa kwa maneno ya nyumbani kabla hata hawajaona kiti.

Nikiwa pale niliuliza na ya wengine, nikaonekana mama mwenye maswali mengi, lakini sikujali. Kila mtu awe na mswaki wake, msichangie hata wewe na mumeo. Asubuhi, na usiku kabla ya kulala, na ule wa usiku ndio msiuache. Dawa iwe yenye floraidi, imeandikwa kwenye boksi, mwambie Abdulrazaki asome. Somoe mdogo mtilie kiasi cha punje ya mchele, Lukmani kiasi cha njegere, wateme povu lakini wasisukutue sana, dawa ibaki kidogo mdomoni. Msugulie wewe mwenyewe Lukmani, mkono wake bado haufiki nyuma. Mswaki wa mti si mbaya kama mtu anasugua kila upande, ila dawa ile yenye floraidi bado inahitajika. Somoe asilale na chupa ya chai ya sukari, najua inamnyamazisha, mpe maji. Mkwe wangu aliwahi kusema ufizi unamtoka damu. Kumbe ni ugaga, uchafu ulioganda kwenye meno, wanaukwangua hospitali na ufizi unapona. Na Happiness asiambiwe kwamba mjamzito hatibiwi meno, anatibiwa, aseme tu ana mimba. Hata asiyeumwa aende wakamtazame.

Sasa nifike pale ninapopakimbia tangu nilipoanza kuandika.

Mwezi wa sita, watoto walipotoka jandoni, sikuja. Nilikutumia ujumbe kwamba nina malaria. Najua siku ile ilivyokuwa, nimesimuliwa na waliokuwepo. Mtoto ametoka na nguo mpya, upande wa baba wamejaa, wanamsubiri bibi mzaa mama aanze vigelegele ndipo wengine wapokee, na bibi hayupo. Nimesikia Bi Sijaona alisema upande wa mama wamesusa. Nimesikia ulikwenda nyuma ya nyumba ukakaa huko peke yako. Tangu hapo umenipigia mara nyingi na sipokei, nakujibu kwa ujumbe kwamba mtandao mbaya, kwamba simu haina chaji. Kuna ule uliniandikia, "Mama, kama una jambo na mimi, niambie." Naufungua kila asubuhi kabla sijawasha moto.

Sina jambo na wewe. Sijawahi kuwa nalo.

Wiki kama tatu kabla ya watoto kutoka, jino langu la mbele juu lilianza kuniuma. Lilikuwa na tundu siku nyingi. Nikasema siwezi kwenda kwa wakwe nimeshika shavu, lazima nipone upesi. Nikakamua mafuta, nikachovya pamba, nikabana. Maumivu yakatulia, nikafurahi, nikaongeza. Nikaongeza tena pamba kubwa zaidi, maana nilitaka siku ile nisikie sauti yangu mwenyewe inafika mpaka barabarani. Yakatiririka. Mdomo ukababuka, ufizi ukageuka mweupe kama mkate uliolowa, ukaanza kutoa usaha. Nilipofika kwa Agatha meno matatu ya mbele yalikuwa yanacheza. Alijitahidi, akasafisha, akanipa dawa, hayakushika. Akayatoa yote matatu. Aliniuliza, bibi, mafuta yanayokuchuna mikono ulitegemea yakufanyie nini mdomoni? Akaniuliza kwa upole, nami nikalia, wala si kwa maumivu.

Nilirudi nyumbani zikiwa zimebaki siku chache Lukmani atoke. Nikaenda shambani katikati ya mikorosho ambako hakuna mtu, nikajaribu kigelegele. Ilitoka pumzi tu, mwanangu, kama mtu anayepuliza moto. Nikaona nitasimamaje mbele ya wakwe zako, nikifungua mdomo waone pengo na wasikie upepo. Nikasema heri waseme amesusa.

Na simu, sababu ni hiyo hiyo. Maneno yangu yanavuja. Nikisema jina lako silitambui mwenyewe, na lina herufi ambayo siiwezi tena. Niliogopa ukinisikia utafunga safari na watoto mgongoni, au utacheka, sikujua kipi kitaniuma zaidi. Nikanyamaza. Kunyamaza kukazoeleka. Nikaacha kwenda kwenye kisomo nisije nikaambiwa niitikie. Msibani Lulindi nilisema nimefunga ili nisile mbele ya watu. Nyumbani nakula uji, na korosho nazitwanga kwanza. Kanga naivuta mdomoni hata nikiwa na kuku. Mama Huruma peke yake ndiye anajua, naye hilo hajalitania hata siku moja.

Ungeomba chupa kwa ajili yako labda ningeendelea kunyamaza, nikakujibu kwamba korosho hazijakauka. Lakini umeiomba kwa ajili ya Lukmani. Nikaona kama sitasema kilichonipata, Bi Sijaona atakamua yale maganda, na wewe utamshika mtoto kichwa.

Agatha anasema ufizi wangu umekwishapona, napimwa meno ya bandia, ya kuvaa na kuvua. Yatachukua muda. Niliwaza nije Newala yakiwa tayari, nikae kama zamani, usijue kitu. Sasa umekwishajua.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, kesho asubuhi mpeleke mtoto. Barua ikikufikia jioni, usiku huo huo mwandalie nguo. La pili, wakusanye Lukmani na Somoe uwaambie habari za mdomo wa bibi, waambie ulivyo, usipambe. Kisha uwaangalie nyuso.

Nijibu haraka kwa mkono wa Mwalimu Grace, anarudi Jumapili, au nipigie, nitapokea, ila uwe na subira kunielewa. Niambie jino limezibwa au imekuwaje. Na niambie watoto walifanya nini. Kama walicheka, nakuja hivi hivi nilivyo, Jumatatu. Kama waliogopa, nitasubiri meno.

Salamu kwa wote niliowataja na wote wanaonitaja.

Ni mimi mama yako mzazi,
Somoe binti Muharami