Viatu vya Salehe

Jumapili, Agosti 2018. Fort Worth.

Nje joto la kukaangia yai. Humu ndani natetemeka, na kiyoyozi nimekizima tangu niliporudi kutoka uwanjani.

Leo ni arobaini ya mdogo wangu Salehe. Nyumbani Tanga wamesoma hitma, wamepika, wamekula. Mimi nilikuwa golini.

Najua inavyosikika. Lakini Salehe ndiye aliyeniingiza kwenye wazimu huu wa hoki ya barafuni, yeye na ligi yake ya wageni: Wakanada wa kampuni za mafuta, Wacheki, Warusi, na sisi Watanga wawili ambao barafu tuliyoijua ni ile ya ukwaju ya kunyonya. Aliniweka kipa kwa sababu, alisema, hata nyumbani nilikuwa siachi kitu kipite.

Kuna desturi kwenye hoki. Kabla mchezo haujaanza, kila mwenzako anapita golini na kukugonga ngao za miguu kwa gongo lake, kukutakia heri. Salehe alikuwa anakuja wa mwisho. Kushoto, kulia, halafu kofia, taratibu. Kisha mbele ya watu wote, "Shikamoo, dada." Wenzetu wakadhani ndivyo hoki inavyochezwa kwetu, wakaiga. Nahodha, Mkanada mwenye mvi ambaye angeweza kunizaa, akawa ananiamkia kila Jumapili, nami naitika marahaba bila haya.

Tangu lori lilipomgonga Salehe akienda kazini, hakuna aliyeniamkia tena. Wanagonga na kupita, macho chini.

Mwili ulisafirishwa. Mimi nikabaki, maana karatasi zangu bado ziko uhamiaji na nikitoka nchini sirudi. Nilimzika mdogo wangu kwenye simu, picha ikikatakata. Sikumuaga. Wala sikulia, na hilo lilikuwa linanitisha kuliko yote.

Nguo zake nilizitoa sadaka, kama mama alivyotaka. Viatu vyake vya barafu vilinishinda. Vilikaa kwenye buti la gari mpaka leo asubuhi, nilipompa Dieudonné, Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi ghalani, mgeni kwenye timu. Wiki iliyopita alishinda amekumbatia ukuta wa uwanja, mguu hauthubutu kuinuka. Nikasema, basi, angalau aanguke na viatu vizuri.

Mashine ya kukausha hewa uwanjani imeharibika, na kwa joto hili barafu ilikuwa inafuka ukungu. Mzito. Kutoka golini sikumwona mtu, nilisikia tu vyuma vya viatu vikikwaruza huku na huko. Wakaja mmoja mmoja, wakanigonga, wakapotelea humo humo. Nahodha akapaza sauti kutoka katikati kwamba tuanze.

Hapo nikasikia mmoja anakuja peke yake. Mwendo mrefu, bila haraka, mguu wa kulia ukiburura kidogo.

Mwendo ule naujua.

Kushoto. Kulia. Kofia, taratibu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikaitika, akili haijanifikia.

Ukungu ukasogea, nikaona uso wa Dieudonné. Alikuwa ametoa macho kuliko mimi. Shikamoo si salamu yake. Yeye huniita yaya, ndiyo dada kwa Kiswahili cha kwao, na kunipa mkono. Nikamuuliza nani amemfundisha.

"Yaya, miye sijasema kitu," akanijibu, akionyesha viatu miguuni. "Ibi biatu njo bimenileta. Nilikuwa nataka kwenda kule ku ukuta."

Tulicheza. Matokeo siyakumbuki. Ulipoisha mchezo, Dieudonné alivivua, akaviweka juu ya boneti la gari langu, akarudi nyuma akasimama mbali.

"Malizana na mwenyewe kwanza, yaya," akasema.

Mama alipiga simu mchana, kwao tayari usiku. Sikumwambia chochote. Alinisimulia wageni waliokuja, pilau lilivyotosha, nani hakuja. Kisha akasema jana amemwota Salehe. Amesimama mlangoni, hana viatu, analalamika miguu ni ya baridi, anauliza dada yuko wapi.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye huko," mama akasema. "Umemwambia kama tumemzika?"

Nikasingizia chaji inaisha.

Nikavitoa viatu kibarazani, kwenye jua. Saruji inaunguza nyayo. Kwenye vyuma vyake bado kulikuwa na unga wa barafu wa asubuhi, mweupe, mkavu, baada ya safari yote ile ndani ya gari linalochemka. Nikakaa navyo. Kivuli cha nguzo kikahama kutoka ukuta huu hadi ule. Barafu ikabaki pale pale.

Basi nikavisemesha. Mtu mzima, mfamasia, nasemesha viatu, na jirani wa ng'ambo ananitazama dirishani.

Nikamwambia: Salehe, umefariki. Tumekuzika Tanga, karibu na babu. Si kwamba sikutaka kuja, nimefungwa huku. Usinisubiri. Nenda, mdogo wangu, utapata baridi.

Ndipo nikalia. Kilio cha msibani, cha sauti, mpaka jirani akafunga pazia lake. Nilipofuta macho, vyuma vilikuwa vitupu vinang'aa, na chini yake kuna maji kidogo. Ni saa nzima sasa, jua bado linawaka, na maji yale hayajakauka. Sijathubutu kuyafuta.

Jumapili ijayo nitampelekea Dieudonné viatu vyake. Nitamwambia nimemalizana na mwenyewe. Atakuja golini kunigonga kama wenzake, na akipita kimya nitajua mdogo wangu amefika.

Na akiniamkia, Mungu anisamehe, nitaitika.