Mfuko Umejaa, Wodi Inafungwa

Shoga, sikia haya. Unamkumbuka Darla, jirani yangu? Leo amechekwa kwenye bunge la jimbo mbele ya macho yangu, nikiwa kazini kwangu pale, nawamiminia wajumbe kahawa.

Wodi ya kujifungulia ya kule kwetu inafungwa Ijumaa kwa kukosa pesa. Binti yake Kaylene ana mimba ya mapacha na presha juu, na hospitali nyingine iko ng'ambo ya mlima. Darla kaja kuomba wafungue mfuko wa akiba wa jimbo. Umejaa mpaka kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa na sheria, wajumbe wenyewe walikuwa wanakata keki kuusherehekea!

Mwenyekiti wa kikao anamwambia, "Mama, akiba ni ya dharura. Tukiigusa ovyo, wakopeshaji watatudharau."

"Na binti yangu?"

"Mwambie azae kabla ya Ijumaa."

Azae kabla ya Ijumaa! Wakacheka, keki mdomoni.

Kura zikalingana, ikabaki ya Wendell, seneta wetu. Darla akamgeukia. "Wendell, wewe umezaliwa wodi ile ile. Mama yangu ndiye mkunga aliyekupokea."

"Na alinipokea vizuri sana, dada Darla," akajibu, huku ananyoosha mkono kupiga kura ya kukataa. Anatabasamu, shoga! Anatabasamu!

Taa nyekundu ikawaka, muda wa Darla umekwisha. "Anayefuata!"

Nikamkuta kwenye korido anampigia Kaylene. "Funga begi, mwanangu. Tunahamia kwa shangazi yako, ng'ambo ya mlima, leo hii."

Kaylene akamuuliza kitu.

"Ndiyo, Wendell alikuwepo," akasema. "Anakusalimia."