Honi ya Mzee

Chumba cha Uani,
Nyuma ya Karakana ya Seremala,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imekusaidia? Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Ndoa ni tamu, Shangazi. Mume wangu akiingia na vumbi la mbao kwenye nyusi, moyo bado unaniruka kama siku ya kwanza. Ananiita Waridi hata mbele ya wateja wake.

Ulitaka habari za hapa nyumbani. Tunaishi na mama mkwe, mjane mpole, na pikapu kuukuu ya marehemu baba mkwe, ambayo wote wanaiita Mzee. Nilipofika nikasikia, "Mzee anakohoa leo," mara "Mzee hapendi baridi," nikaogopa, maana Mzee niliyemjua mimi alishazikwa. Mume wangu alinicheka hadi akakaa chini.

Kicheko kiliisha jioni ileile. Kila jua likizama na bati la gari likianza kupoa, pikapu ilikuwa ikipiga honi yenyewe, mara mbili fupifupi, wala hakuna mtu ndani. Ndivyo marehemu alivyokuwa akibisha getini. Mama mkwe alikuwa akinyanyuka, anafungua geti, anasema, "Pole na kazi," kisha anarudi kwenye sufuria zake.

Mume wangu alijua ni waya tu. Hakuugusa kwa ajili ya mama yake. Lakini injini nayo ikaanza kugonga, taa zikawa zinafifia, na yeye hupeleka vitanda kwa wateja hadi giza linaingia. Juzi taa zikamzimikia kwenye kona ya bondeni. Alirudi ubavu wa gari umechunika. Nikamwambia, "Mpenzi, sitaki na mimi nije kuifungulia honi geti."

Jana mchana akaja fundi umeme wa magari. Bolti ya alteneta ilikuwa imelegea. Ndiyo iliyokuwa ikigonga, na mkanda nao ukalegea, betri ikawa haipati chaji. Chini ya usukani akakuta waya wa honi umechubuka. Bati likipoa na kujikunja, waya unagusa chuma, honi inalia. Mimi ndiye niliyemshikia tochi.

"Shemeji, mzimu wenu ndio huu," akasema. "Uzi wa shaba."

Akauzungushia utepe, akaing'oa betri akaenda kuichaji kwake. Mama mkwe aliitazama ikiondoka, akasema tu, "Mmemfungia nje."

Jioni tulikaa barazani. Jua likazama. Honi haikulia, nami nikashukuru moyoni. Mama mkwe akanyanyuka vilevile, akafungua geti, akasogea kando kama anayempisha mtu.

"Pole na kazi," akasema. "Leo umekuja kimya."

Akafunga geti. Na mume wangu, Shangazi, yule anayecheka kila kitu, akaikunja miguu yake iliyokuwa imeziba njia.

Betri imerudi leo asubuhi. Injini imetulia, taa zinawaka vizuri, na hilo ndilo nililoliomba.

Nisalimie Bibi, na mumeo Bwana Kipara, na wale mapacha watundu. Mungu akushike mkono njia nzima mtakapokuja kututembelea. Mkifika getini jioni, mwambie dereva apige honi mara moja, au hata tatu. Zisiwe mbili tu.

Mwanao akupendaye bila kupunguza,
Waridi