Salamu Iliyorusha Korongo

Shikamoo dada Neema. Huku Namanyere baridi ya asubuhi inagandisha vidole.

Huo ukungu unaouona kwenye picha ya mbele ya kadi ni mabawa ya korongo. Nilichuchumaa na simu yangu kando ya shamba la ulezi mpaka wakasogea karibu kabisa. Mara akapita bibi mwenye shamba. Ningenyamazaje?

"Shikamoo, bibi!"

Korongo wote wakaruka.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Asante kwa kuwafukuza, wananimalizia ulezi."

Kwenye grupu letu la picha wamenicheka sana. Wacheke tu. Dada, wakumbatie watoto kwa niaba yangu, nimewakumbuka mno. Kesho narudi palepale, ila nitapitia kwanza nyumbani kwa bibi, nimwamkie hukohuko, nimwombe awavumilie korongo wangu kidogo.

Mdogo wako,
Baraka