Kwa Nini Walimbeba wa Pili

Mjukuu wangu Neema,

Huku Karatu tu wazima, na ngano ya Mbulumbulu imekomaa. Usicheke: kiukoo mimi ni babu yako, ingawa nimehitimu chuo mwaka jana tu.

Waniuliza kama waliokushangilia huko Dodoma, wewe mgeni uliyeshika nafasi ya pili, walikuonea huruma, na kama uache mbio. Huruma naikataa.

Nikiwa sekondari nilikuwa bingwa wa mbio ndefu. Siku moja kijana wa Nainokanoka, aliyevaa katambuga za matairi, alitoka nyuma kabisa akanifikia karibu na utepe. Nilimshinda kwa hatua moja, lakini watu wakambeba yeye.

Nikamlalamikia mama: “Wanamhurumia tu!”

Akacheka. “Nani amhurumie mtu aliyekutoa jasho hivyo? Wewe tulijua utashinda, baba. Yule kila hatua alitushangaza.”

Tangu hapo nimesoma vitabu vingi na kubishana navyo. Jibu la mama sijalishinda.

Basi kwenye mbio zako za Jumamosi, kimbia. Ila ukizoea kushinda, usinune watakapombeba mwingine.

Mimi babu yako,
bingwa ambaye hakubebwa.