Montre ya Papa na Ndege ya Pemba

Mama Amani, bibi yangu wa ndoa,

Amani ya Mungu iingie kwanza kwa mulango wako, kisha hii barua ifuate. Goti yako iko namna gani? Baridi ya Bukavu imepunguka? Mimi niko muzima, nguvu ni ya simba. Mukono tu ndiyo nzito kwa kuandika. Najua ulikuwa mwalimu, lakini leo usikamate bic nyekundu ya kusahihisha.

Huu ni mwezi wa tatu niko huku Unguja kwa mutoto wetu Amani, namuchungia duka yake ya vitenge. Wateja wananiogopa, ni vizuri. Lakini unajua kitu chenye kilinileta: yaya Mwajuma, dada yangu mukubwa, mwenye aliolewa Pemba tukiwa vijana. Macho yake inazima. Dakitari hakuficha. Yaya aliomba kitu kimoja tu: aone uso wangu mbele giza haijafika.

Toka kiwanja cha ndege cha hapa mpaka kile cha Pemba, ndege inakamata nusu saa. Na ni mbali sawa Bukavu na Uvira! Sisi ile njia inatukulaka siku nzima, matope mpaka magoti, dereva anaomba Mungu. Amani alitaka kunisindikiza. Nikamwambia, "Nusu saa? Nitaenda mikono mufukoni."

Tulichanga feza ya tiketi mpaka ikatimia. Basi, jana. Tiketi ilisema saa ine ya asubuhi. Nikafika saa tatu na nusu, nimevaa koti nyeusi, ile ya ndoa ya Amani. Mama wa tiketi akaangalia karatasi, akaniangalia.

"Mzee wangu, ndege imeshatua Pemba."

"Itatua namna gani, na haijatoka?" Nikamuonyesha montre yangu ya mukono.

Akacheka mpaka wenzake wakakuja. "Babu, hiyo saa ya wapi?"

"Ya Bukavu!"

Ndiyo, mama Amani. Siku ya kutoka uliniambia: kule wako mbele na saa moja, geuza montre. Nikaapa mbele ya nyumba yote kama montre ya marehemu papa mwenye alinizaa haitageuzwa na inchi ya watu. Miezi yote naongezaka ile saa moja kwa kichwa. Jana, juu ya furaha, nikasahau kuongeza.

Nikarudi kwa Amani. Akanipa simu, yaya yuko kwa laini. Yaya alikuwa amekaa kiwanjani Pemba tangu asubuhi. Kila mwanaume mwenye alishuka, yaya alimushika uso, akitafuta wangu.

"Shabani," akasema, "nimekungoja tangu ujana, sikuchoka. Leo umeshindwa na nusu saa?"

Nikaomba yaya musamaha. Mimi!

Leo jua imenikuta hapa, mbele ya mulango wa kiwanja. Askari akasema, "Mzee, bado sana." Nikamwambia, "Wewe fanya kazi yako. Mimi sitoki." Ndege ikiharibika, nitapanda boti. Boti ikikataa, watanitafutia mutumbwi. Yaya ataona huu uso.

Salimia shemeji fundi wa cherehani, na mukwe wetu mama wa mapacha. Mama yako mwambie ugali ya hapa haifikie yake.

Hii ya mwisho usome peke yako, usisomee watoto. Montre nimeigeuza. Saa moja mbele, na mukono wangu mwenyewe. Papa atanisamehe, Mwajuma ni mutoto wake pia.

Wanaita. Saa yao ya ukutani inapatana na yangu sawasawa. Naona nao wamejifunza.

Ni mimi bwana yako Shabani, mutu mwenye hachelewi mara mbili.